Swali la Ghariba

Noof kasema, Noof kaandika, Noof kanicheka. Ijumaa ile Khattab alilitaja jina hilo kabla hata hajaonja kahawa yetu, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na birika mkononi, nimevaa jalabia ya kijani niliyoishonesha kwa ajili yake, nikingoja ainue macho. Aliinua macho, ndiyo. Alinitazama kwa namna ile yake, akatabasamu, kisha akamgeukia baba yangu na kuendelea na Noof wake. Kahawa niliyommiminia ikafurika mpaka vidoleni mwake. Sikuomba radhi.

Alikuja nyumbani kwetu Sib, pembeni ya Maskati, pamoja na mama yake, Bi Masouda, kupanga mambo ya milka. Tulikuwa tumeshachumbiana tangu kabla ya Ramadhani, sasa ilibaki hiyo milka, shekhe aje atufungishe ndoa, na wazee walikuwa wamekubaliana iwe Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Khattab ni mhandisi wa kompyuta. Mimi nafundisha darasa la kwanza katika skuli moja ya Azaiba, kazi yangu ni kuwashikisha watoto penseli na kuwafuta kamasi. Nilimpenda tangu siku ya kwanza dada yake aliponionesha picha yake, na nilipomwona mwenyewe nikampenda zaidi, na kama kuna msichana Maskati nzima aliyekuwa akihesabu siku kuifikia Alhamisi hiyo, basi ni mimi.

"Noof ndiye alonishawishi tuwe na darsa za Jumamosi," alikuwa akimwambia baba. "Watu waje na kompyuta zao, tuwawekee Linux."

"Hiyo ni nini tena?" baba aliuliza. "Dawa?"

Khattab alicheka. "La, ami. Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta. Huria. Haununuliwi, na mtu yeyote anaweza kuutumia, kuufungua ndani, kuurekebisha apendavyo."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote mwenye akili."

Bi Masouda alicheka kwa fahari ya mama, na baba akacheka kwa adabu ya mwenyeji. Mama yangu, Bi Mahbuba, hakucheka. Aliinuka akachukua sinia ya halwa ambayo bado ilikuwa imejaa, akaniashiria nimfuate jikoni.

"Umemskia?" alininong'oneza. "Yeyote mwenye akili! Mie nshaona watu wanoringa kwa gari, wanoringa kwa dhahabu. Huyu wako anaringa kwa kitu cha bure."

"Mama, ni mzaha tu."

"Mzaha ndio humtoa mtu alivo. Anakupenda, hilo naliona, si kipofu. Lakini nna khofu naye. Ana watu wake na ana watu ambao si kitu kwake. Na huyo Noof ndiye nani?"

"Mwenzake kwenye kundi lao."

"Mwenzake," mama akalirudia neno lile polepole, akanitazama usoni, na mimi nikajishughulisha na vikombe.

Kundi lenyewe lilikuwa likiitwa Nawa, yaani kokwa kwa Kiarabu. Lilikuwa na watu mia kadhaa, Maskati, Sohar, Salala, wote wapenzi wa programu huria, wakiandikiana kutwa kwenye simu. Yeyote aliruhusiwa kuingia. Kuuliza ndiyo ilikuwa kazi. Ukitaka kuuliza kitu ilikubidi kwanza uwe umesoma kila kilichoandikwa, kisha ulete maandishi marefu kutoka ndani ya kompyuta yako kama mgonjwa anayeleta vipimo vya maabara, na hapo labda utajibiwa. Ukiuliza kienyeji tu, utachekwa. Na katika wote waliojua kuwacheka watu, aliyesifika zaidi alikuwa Khattab. Maneno yake walikuwa wakiyahifadhi na kuyarudia, wakiyaita "vipande vya Khattab." Mwenyewe alinionesha kwa furaha, na nilimwona Noof chini ya kila kipande, na ile emoji yake, uso mdogo wa njano unaocheka mpaka machozi.

Nisiseme uongo. Ule uso wa njano uliniuma kuliko kama ningewakuta wameshikana mikono. Mchumba wangu alikuwa na lugha nzima ambayo mimi siijui, na ndani ya lugha hiyo kulikuwa na mwanamke mmoja anayecheka kila Khattab akitaka acheke. Mimi akinisimulia nilikuwa nikitikisa kichwa tu, na yeye alikuwa akiona kwamba natikisa kichwa tu.

Basi nikaamua kujifunza. Jumatatu nilipotoka skuli nilijifungia chumbani na kompyuta yangu, nikafuata video ya Mhindi mmoja mwenye subira ya ajabu, nikaiweka hiyo Linux hatua kwa hatua. Ilipowaka nilipiga vigelegele peke yangu. Nilishajiona usiku wa milka nikimwambia, "Hata mie nnayo, tangu siku nyingi," na yeye akiduwaa. Kisha nikatafuta wifi. Haikuwepo. Nilizima nikawasha, nikabofya kila kilichobofyeka, wapi. Nikachukua simu, nikaingia kundini kwa jina la kubuni, Ghariba, yaani mgeni, na nikaandika: "Assalamu alaykum. Nimeweka Linux leo kwa mara ya kwanza na wifi imepotea. Naomba msaada, Mungu atawalipa."

Aliyejibu alikuwa Khattab. Nilifurahi nilipoliona jina lake.

"Waalaykum salaam," aliandika. "Wifi haipotei, Ghariba, hupotezwa. Mwongozo upo, umeandikwa kwa ajili ya watu wanaosoma. Kama kusoma kunakushinda, rudi kwenye mfumo wako wa kununua, huko kila kitu kina kitufe cha rangi kama mwanasesere wa mtoto."

Uso wa njano wa Noof ukatokea papo hapo. Halafu nyuso nyingine nyingi. Mtu mmoja aitwaye Musallam akaleta picha ya punda aliyekaa mbele ya kompyuta. Noof akaandika, "Mwache maskini, labda ana chungu jikoni," na Khattab akamjibu, "Basi akaangalie chungu, asitutilie moshi humu." Hapo wakacheka upya.

Nilikuwa bado nimeishika simu ilipolia, na aliyepiga alikuwa ni yeye, na sauti yake ilikuwa ile ile tamu ya siku zote.

"Rawya, habibti, uko wapi? Nna jambo la kukuchekesha."

"Nichekeshe."

"Leo kaingia mjinga mmoja kundini. Anajiita Ghariba. Ati wifi imepotea!"

"Na wewe ukamwambia nini?"

Alinisomea neno kwa neno, akisita mahali pa kuchekea. Sikucheka.

"Mbona kimya? Hujafahamu?"

"Nimefahamu."

"Noof yeye kacheka mpaka machozi yakamtoka. Kasema hiki ndicho kipande changu bora mwaka huu."

"Umeyaona wapi hayo machozi yake?"

"Kaniandikia, Rawya! We nawe!"

"Huyo Ghariba hakupata hata mtu mmoja wa kumsaidia?"

"Akisaidiwa leo, kesho atakuja na jengine. Watu kama wale lazima wabanwe wajitafutie. Sote tulibanwa." Kisha sauti ikashuka, ikawa laini. "Ushakula? Usikae na njaa. Nakuona ulivopungua, na mie nakutaka hivo hivo ulivo."

Ningekuwa siku nyingine ningeyeyuka. Siku hiyo nilimwambia nina madaftari ya kusahihisha, nikakata. Nililala kifudifudi nikalia. Tusi lenyewe ningeweza kulimeza. Kilichonishinda ni kwamba alinipiga mimi ili amchekeshe Noof, na akanipigia simu kunisimulia jinsi Noof alivyocheka.

Jumamosi nilikwenda kwenye darsa lao.

Ilikuwa alasiri, ukumbi wa juu ya duka la mapazia Khuwair ya Kusini. Dada yangu mdogo, Sabah, ndiye aliyenipeleka kwa gari lake. Njiani aliniuliza mara mbili kama nina homa. Nilikuwa nimejipaka wanja na kuvaa abaya yangu bora, ile yenye mikono ya nakshi za fedha, na kompyuta nimeikumbatia kifuani.

"Unakwenda kwenye kompyuta au kwenye vita?" Sabah aliuliza.

"Nisubiri hapa chini. Sitokawia."

Nilimjua Noof kabla hajatajwa. Alikuwa amekaa meza moja na Khattab, miwani juu ya shungi, abaya imekunjwa mikono mpaka karibu na viwiko kama mtu anayetaka kuosha vyombo, na vidole vyake vilikuwa vikikimbia juu ya kompyuta ya mtu bila yeye kuvitazama. Alikuwa mzuri. Nilikuwa nimemwomba Mungu Noof awe mbaya, na Mungu hakuniitikia. Alimwambia Khattab kitu nusu, na Khattab akakimaliza, na wote wawili wakatabasamu bila kutazamana. Nilihisi kama mtu aliyeingia katika nyumba ya watu bila hodi.

Khattab aliponiona aliinuka kwa haraka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Rawya! Umekuja wewe!" Uso wake wote ulikuwa nuru, siwezi kumnyima hilo. "Jamani, huyu ndiye Rawya wangu. Noof, huyu ndiye."

"Ahlan," alisema Noof, akanitazama kuanzia shungi mpaka viatu. "Tumekuskia sana."

"Na mie nimekuskia. Sana."

Khattab alinivutia kiti. "Umeniletea nini hapo? Usinambie umeiweka! Peke yako?" Alikuwa kama mtoto siku ya Idi. "Noof, umeona? Kaiweka peke yake!"

"Mabruk," alisema Noof. "Ina tatizo gani?"

Nilimtazama mchumba wangu machoni. "Wifi imepotea."

Hakushituka. Hakukumbuka hata kidogo. Alicheka kicheko cha mapenzi, akaisogeza kompyuta karibu yake, na bega lake likakaribia langu kadiri adabu iliporuhusu.

"Hilo ndilo tu? Hilo dogo kabisa, huwapata wengi. Si kosa lako hata chembe. Kuna kiprogramu kinaachwa nje, basi kompyuta haiitambui kadi yake ya wifi. Tazama. Tunaunga simu yangu kwa waya, ili ipate mtandao kwanza. Hapa unabofya. Hapa unangoja. Unanifahamu? Nikienda mbio nambie."

Sauti yake ilikuwa ya upole mtupu. Alinieleza kila kitu mara mbili. Noof aliacha kazi yake akatutazama, na nikaona kitu kimempita usoni, na kwa dakika hiyo, wallahi, nilifurahi. Nilitaka aone. Nilitaka aone jinsi ninavyosemeshwa.

Kisha mtandao ukarudi.

Nilikuwa nimeliweka kundi la Nawa kwenye kompyuta ile pia, Jumatano skuli nilipoiunga kwa waya wa mtandao kutafuta jibu, nikalisahau. Mtandao uliporudi, dirisha likafunguka lenyewe katikati ya kioo, na juu yake jina langu: Ghariba. Chini yake swali langu. Chini ya swali, kipande bora cha mwaka.

Noof ndiye aliyesoma kwanza. "Khattab," alisema.

Khattab alisoma. Mkono wake ulibaki juu ya kompyuta, hauendi mbele wala haurudi. Kwenye meza ya jirani Musallam alikuwa akicheka na mtu mwingine juu ya jambo jingine kabisa, na kicheko chake ndicho kilichoninyanyua. Niliinuka nikatoka, nikashuka ngazi na abaya inanitatiza. Khattab alinikuta kwenye kipito cha chini, baina ya ngazi na mlango wa duka.

"Rawya! Rawya, simama. Wallahi sikujua! Ningejua ni wewe nisingesema neno hata moja."

"Najua."

"Basi?"

"Basi ndiyo hilo linonitisha, Khattab. Ningekuwa mimi, usingesema. Angekuwa mwengine yeyote, ungesema. Swali ni moja. Juu umenijibu kama malaika, Jumatatu umenijibu kama mbwa, na swali ni lile lile moja."

"Lakini wewe ni wewe!"

"Leo. Na siku utakayonizoea? Siku nitakapokuwa nimezaa, nimenenepa, nimekuuliza kitu mara ya tatu? Nitakuwa nani siku hiyo, Rawya au Ghariba?"

Alifumba macho. Mtu mmoja aliteremka ngazi na begi la kompyuta, akatupita huku akijifanya hatuoni.

"Noof si kitu kwangu," alisema Khattab kwa sauti ya chini. "Kama ndilo linokuuma, nakuapia. Hajapata kuwa kitu."

"Sikuulizi kama unampenda. Nakuuliza kwa nini ulitaka acheke."

Nilikuwa tayari kwa uongo wowote, na nadhani alikuwa nao wa kutosha, lakini hakuutoa.

"Kwa sababu akicheka yule," alisema mwishowe, "najiona mtu."

"Na mimi nikikupenda hujioni?"

"Wewe wanipenda bila sababu. Kule kila siku lazima uoneshe unajua. Usipocheka wewe, watakucheka. Hufahamu, Rawya, kule..."

"Sifahamu, kweli. Mie mjinga. Nina chungu jikoni."

"Nisamehe. Nakuomba. Nikupigie magoti hapa?"

Na mimi nilitaka kumsamehe. Hapo hapo, mbele ya mapazia ya watu. Macho yake yalikuwa yamejaa, na mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kumfuta, nikaurudisha.

"Usiniombe radhi mimi," nilisema. "Mimi unanijua. Nenda kamwombe radhi yule usiyemjua, kule kule ulikomtukana, mbele ya wale wale."

"Kundini? Rawya, nitakuwa kichekesho. Watasema Khattab kaposa, kalainika. Miaka yote nlojenga jina mule..."

"Basi kaa na jina lako. Na Alhamisi usije mpaka ushachagua."

Nilikwenda garini mikono mitupu. Sabah alinitazama tu, akawasha gari, na kabla hatujaondoka mtu aligonga kioo. Alikuwa Noof, amebeba kompyuta yangu.

"Umeisahau," alisema, akaniingizia dirishani. Hakuondoka. "Mie nlipoingia Nawa, alonicheka wa kwanza alikuwa Khattab. Niliuliza vipi kufungua faili. Kisha nikajifunza kucheka kabla sijachekwa. Sijisifu."

"Unampenda?" nilimwuliza. Sabah alinifinya paja.

Noof alishusha miwani yake machoni, akaisogeza sawasawa. "Alivokufundisha pale juu, hajapata kunifundisha mie hata siku moja," alisema. "Nenda salama, dada."

Hilo halikuwa jibu, na lilikuwa jibu tosha. Nilimwonea huruma barabara nzima mpaka Sib, na bado nikamchukia kwa ule uzuri wake.

Mama hakusema "nilikwambia." Ningependa angesema, nipate wa kugombana naye. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele, kisha akauliza, "Bi Masouda nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu."

"Kadi zishatoka, mwanangu. Watu wa Salala washakata tiketi."

"Najua, mama."

"Na kama haandiki?"

Nilikuwa nampenda vile vile, hilo ndilo lililokuwa baya. Jumapili ilipita simu haijalia. Jumatatu nilifundisha herufi moja asubuhi nzima, na mtoto mmoja aliniuliza swali lile lile mara tatu hata nikatoka nje kujifuta macho. Kila nikifungua kundi namkuta Noof anaandika, Musallam anaandika, na Khattab kimya. Nikajiambia amechagua. Nikajiona nimefutwa hina kabla sijapakwa, nikawaza nani atamchukua, na kila aliyenijia akilini alikuwa na miwani juu ya shungi.

Jumanne nilikuwa naanika nguo juu ya dari, kwenye paa la nyumba. Sabah alipanda ngazi mbio, anahema, simu yangu mkononi.

"Soma! Soma wewe, mie nshasoma!"

Yalikuwa marefu. "Kwa Ghariba," Khattab alikuwa ameandika. "Wiki iliyopita uliuliza swali la haki, nami nikakutusi ili watu wacheke. Nilipoanza mimi, wifi yangu ilipotea vile vile. Sikuthubutu kuuliza hapa, kwa kuogopa watu waliokuwa kama nilivyo mimi leo. Nilikaa bila mtandao wiki nzima na mama yangu akidhani naumwa. Nisamehe. Jibu la swali lako ni hili." Na akalieleza, hatua kwa hatua, kwa maneno ambayo ningeweza kuwasomea watoto wangu wa darasa la kwanza. Mwisho aliandika: "Kuanzia leo mwenye swali la mwanzo kabisa aniulize mimi. Sitamcheka, na atakayemcheka atanikuta."

Chini yake kulikuwa na balaa. "Akaunti ya Khattab imeibiwa!" "Milka imempanda kichwani!" Musallam alirudisha picha ya punda, safari hii amemwandikia jina la Khattab. Walimsaga kama pilipili. Yeye hakujibu hata mmoja. Kisha Noof akaandika, "Na mimi nilicheka. Nisamehe, Ghariba," na hapo kundi likapoa.

Hata kwenye kuomba radhi wamefuatana, nilijiambia, na nikajishangaa nacheka huku nalia, shuka bichi la kuanika limenikumbatia.

Mama alikuwa amepanda nyuma ya Sabah, anashika magoti. "Bi Masouda yuko kwenye simu," alisema. "Anauliza watu wa halwa waendelee au wasiendelee. Kanambia mwanawe hajala tangu Jumamosi."

"Mwambie waendelee, mama."

"Una hakika?"

"Nna hakika. Na amlishe."

Mama alishuka akizungumza na simu, sauti yake imepanda kwa furaha ambayo alijaribu kuificha. Nilibaki juu ya dari, nikasoma tena yale maneno, nikayasoma tena. Wakati nasoma, ujumbe mpya ukaanza kuingia. Watu ambao sikupata kuwaona wakiandika hata siku moja, waliokuwa wamejificha kimya miaka yote, walianza kuuliza. Mmoja wa Nizwa, kioo chake kinakuwa cheusi. Mmoja hajui kubadilisha lugha. Na wengi, naapa, walikuwa wanawake. "Allah akubarik, ustadh Khattab." "Ustadh, una moyo mzuri." Na mmoja, Atheer, hakujua kuiunga printa, na mwisho wa swali lake aliweka ua waridi. Kisha akaongeza jingine.

Nilimpigia simu. Alipokea kabla haijalia vizuri.

"Rawya?"

"Atheer ni nani?"

"Nani?"

"Atheer. Wa printa. Mwenye mawaridi."

"Simjui! Wallahi laadhim simjui, ndiyo kwanza namwona leo." Alisita. "Rawya, umesoma nilichoandika?"

"Nimesoma. Mama kashawaambia watu wa halwa waendelee." Nilimsikia akishusha pumzi kwa nguvu, kisha akacheka na sauti ikamkatika, na mimi nikaiacha ikatike kidogo. "Ushamjibu?"

"Bado. Nisimjibu? Si wewe ulosema niwe mwema kwa watu nisowajua?"

Nilitazama yale mawaridi mawili mekundu, yamekaa vizuri chini ya jina la mume wangu mtarajiwa.

"Mjibu," nilisema. "Mweleze pole pole mpaka afahamu, asijione mjinga hata chembe. Halafu, Khattab?"

"Naam, roho yangu."

"Abaki vivyo hivyo, mtu usiyemjua."